Nyayo za Kashata: shajara ya kutibu vidonda vya miguu vya sungura wa ndani, Dar es Salaam

Sungura ni wawili, nyumba ni ya kupanga huko Tabata, sakafu marumaru kuanzia mlangoni hadi jikoni. Kashata ni jike jeupe, mchanganyiko wa aina ya sungura iitwayo New Zealand, zito. Njugu ni dume dogo lililohasiwa, lina damu ya aina ya Dutch. Hawafungiwi, banda lao limebaki la kulala tu, na mchana wanazurura sebuleni na koridoni. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye sungura ndani ya nyumba ya joto la pwani apate pa kuanzia. Maelekezo mengi niliyokuwa nayo yameandikiwa nchi za baridi, na hapo ndipo yalipokwama.

14 Januari 2024: Hali ya kuanzia

Kashata: kilo 4.7. Wayo wa nyuma wa kulia una upara karibu na kisigino, ngozi nyekundu, na kigaga cha milimita 8 katikati. Wa kushoto una upara na sugu kavu, bila wekundu. Hachechemei, ila akisimama muda mrefu anahamisha uzito mguu huu, kisha ule. Njugu: kilo 1.9, nyayo zake zina manyoya kamili. Wote wanakanyaga sakafu moja.

Kwa wasiojua maumbile ya mguu wenyewe: sungura hana zile nyama laini zilizo chini ya miguu ya paka na mbwa. Chini ya wayo ana manyoya mazito tu, kisha ngozi nyembamba, kisha mfupa. Kwenye udongo kucha zinazama na vidole vinabeba sehemu yao ya mzigo. Nililala kifudifudi sakafuni na tochi ya simu nikamtazama Kashata kwa ubavu akiwa ametulia: kucha zinagusa marumaru, hazina pa kuzama, zinavisukuma vidole juu, na mwili mzima unarudi nyuma kukalia kisigino. Ngozi inabanwa kati ya mfupa na sakafu, damu haipiti vizuri, ngozi inaanza kufa. Mkojo na bakteria huja baadaye kumalizia kazi. Kidonda kikiachwa, maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa na kano, na hapo matibabu ni magumu sana.

Si kila upara ni ugonjwa. Sungura mzito mwenye sugu kavu ya waridi, isiyovimba wala kuuma, anaweza kuishi nayo miaka. Wekundu, uvimbe, kigaga, ngozi iliyopasuka au usaha: hapo usingoje.

Kumkagua: keti chini, mweke mapajani mgongo wake ukiegemea tumbo lako, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika makalio. Usimlaze chali mpaka aganzike. Ile si raha, ni woga. Na usimwache apige mateke hewani, kwa maana miguu ya nyuma ina nguvu za kutosha kuvunja uti wake mwenyewe. Napiga picha kila Jumapili, dirisha lile lile, sarafu ya shilingi 200 pembeni ya wayo. Bila picha, macho yanakudanganya kwamba kidonda kimepungua.

Gharama: mizani ya dijitali ya jikoni ya kilo 10, shilingi 18,000.

21 Januari: Daktari, na bandeji iliyoteleza

Kabla ya daktari nilipita duka la dawa za mifugo. Muuzaji, kwa nia njema, akanitolea amoksilini. Niliirudisha. Amoksilini, penisilini na ampisilini za kunyweshwa, pamoja na linkomisini, huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, wabaya wakachukua nafasi, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara. Krimu za ngozi zenye steroidi nazo ziache: atazilamba, na zinachelewesha kidonda kupona. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinaunguza ngozi changa.

Daktari wa mifugo alibonyeza pembeni ya kigaga, hakuona usaha, hakusikia joto kwenye kifundo. Akaandika meloksikamu ya maji kwa maumivu, dozi kwa uzito wake. Antibiotiki hakutoa. Kusafisha: maji yaliyochemshwa yakapoa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kugusagusa kwa pamba ya shashi, kisha kukausha kabisa. Kigaga kisibanduliwe.

Akafunga bandeji yenye pamba. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeteleza hadi kwenye vidole, imelowa mkojo kwa ndani, na vidole vimevimba. Tukarudi, akaitoa. Alichosema akiikunja ile bandeji ndicho kimeongoza kila kitu baada ya hapo: "Dada, dawa yake iko chini, pale anapokanyaga. Mimi nikifunga mguu na wewe ukamrudisha kwenye marumaru, tunacheza."

Kucha zilikatwa siku hiyo hiyo. Za Kashata ni nyeupe, mshipa wa damu unaonekana. Za Njugu ni nyeusi, tochi ya simu nyuma ya ukucha inatosha kuuonyesha. Ukikata mshipa kwa bahati mbaya, bonyeza ukucha kwenye unga wa wanga. Sasa ni kila mwezi.

Gharama: kumwona daktari 30,000, dawa 12,000, marudio 10,000, mkasi wa kucha 7,000.

4 Februari: Kapeti, sponji, blanketi. Vyote vitatu vimegoma

Kapeti la nyuzi za plastiki, kipande cha sebule nzima. Linaonekana laini kwa kiganja. Lakini sungura akikimbia na kupiga kona, kisigino kinaburuzwa, na zile nyuzi zinasugua kama msasa. Picha ya Jumapili ilionyesha wekundu umetoka nje ya kigaga, tena hata wayo wa kushoto, uliokuwa shwari, umeanza. Kapeti limetoka.

Sponji za kuchezea watoto, zile za vipande vinavyoshikana kama mafumbo. Kwa ulaini hazina mpinzani, kucha zinazama barabara. Njugu alikwishang'oa meno yote ya kipande cha pembeni kabla ya chai ya jioni. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite, na sponji haipiti kwa uhakika. Nilihesabu vipande vilivyong'olewa nikavilinganisha na vilivyozagaa, nikakagua kinyesi mpaka nikaridhika, kisha nikazigawa kwa jirani mwenye mtoto.

Mablanketi mazito ya mtumba kutoka soko la Karume, yamekunjwa mara nne. Hayasugui, hayaliwi sana, kucha zinazama. Kashata akayanusa, akayakojolea kona, akaenda kulala kwenye marumaru ya mlango wa bafu.

Gharama: kapeti 15,000, sponji 24,000, mablanketi mawili 12,000. Mablanketi yamebaki kwa kazi nyingine.

18 Februari: Joto ndilo linalompeleka kwenye marumaru

Nilikuwa nikimrudisha kwenye blanketi, anaondoka. Namrudisha, anaondoka. Mwishowe nikaacha kumhamisha, nikawa naandika tu mahali alipo na joto la sebule. Asubuhi ya saa moja, nyuzi joto 27, yuko kwenye blanketi. Saa sita mchana, nyuzi 31, yuko mlango wa bafu. Umeme ukikatika na feni kuzima, hagusi kitu chochote laini. Anajitandaza kwenye marumaru, na joto likizidi anainuka kukaa wima akihema puani, uzito wote kwenye visigino. Na mgawo wa umeme wa msimu huu haukuwa wa kubahatisha.

Sungura hatoi jasho kama sisi; joto lake linatoka zaidi kupitia masikio na pumzi. Kuanzia nyuzi 28 hivi anaanza kuteseka, na zikipanda zaidi anaweza kufa kwa joto. Kwa hiyo Kashata hakuwa mkaidi. Kati ya kisigino kuuma na mwili kuchemka, alichagua kilicho na nafuu. Kila blanketi nililoongeza lilikuwa linamfukuza kuelekea kwenye sakafu ile ile ninayoikimbia. Maelekezo ya nchi za baridi yanasema ongeza matandiko. Huku kwetu ukiongeza matandiko bila kuondoa joto, unaongeza saa za mnyama kukaa kwenye marumaru.

Mpango umegeuka: kwanza ubaridi, halafu ulaini, na vyote viwili viwe pale anapopapenda yeye.

25 Februari: Mkeka

Mlango wa bafu una upepo unaotoka dirisha la koridoni. Basi kitanda kimehamia hapo, badala ya kumlazimisha Kashata ahamie kwangu.

Tabaka, kutoka chini: taulo la pamba lililokunjwa mara mbili, kisha mkeka wa ukili usiotiwa rangi. Mkeka peke yake kwenye marumaru ni mgumu, nilijaribu. Taulo ndilo linaloupa kubonyea. Taulo peke yake linahifadhi joto na linakunjamana. Vikiwa pamoja, hewa inapita kwenye ukili, na ukibonyeza kwa kidole gumba unaona kinazama. Hicho ndicho kipimo changu cha sakafu yoyote: kidole kisipozama, kucha hazitazama.

Nilichagua ukili mweupe kwa sababu atautafuna tu, na rangi za mikeka sijui zimechanganywa na nini. Kutafuna ukili wenyewe hakujaleta shida. Upande wenye miisho ya kushonea, ile inayochoma, unatazama chini.

Ubaridi: chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa, zikavikwa soksi kuukuu, zinawekwa pembeni ya mkeka. Soksi ni lazima, vinginevyo chupa inatoka jasho na mkeka unalowa. Kashata ameelewa haraka. Analala ubavu umeegemea chupa, miguu ya nyuma imenyooshwa pembeni, yaani kisigino hakina mzigo kabisa. Umeme ukikatika, chupa zilizokwisha kuganda zinaendelea na kazi feni ikiwa imelala.

Marumaru sijayafunika yote. Nimeacha kipande kidogo mbele ya bafu, naye bado anapita hapo, ila hakai.

Gharama: mikeka miwili midogo, Kariakoo, 18,000, mataulo manne ya mtumba 10,000.

10 Machi: Choo na uzito

Wekundu umepungua wayo wa kushoto. Kulia kigaga kipo vile vile, lakini pembeni pamekauka.

Choo kilikuwa beseni lenye maranda ya mbao. Shida mbili: vumbi la maranda linanata kwenye kigaga, na maranda yakishalowa anakanyaga mkojo kila anapoingia. Ngozi iliyolowa ni rahisi kuchubuka. Pumba za mpunga nilizijaribu kwa siku moja nikazitoa; zina ncha. Sasa beseni ni pana, chini magazeti, juu hei, yaani nyasi kavu, nene kiasi cha kiganja. Mkojo unashuka, juu panabaki pakavu, na kwa kuwa anakula hei akiwa chooni, anakaa juu ya kitu laini muda mrefu. Nabadilisha asubuhi na jioni. Gazeti ni hatua isiyorukwa, kwani hei peke yake inaoza kwa chini.

Beseni linaota ukoko mweupe. Ni chokaa ya mkojo. Sungura hutoa kalisi ya ziada kwa njia hiyo. Siki ya jikoni inautoa. Jiki usimwagie juu ya mkojo, mvuke wake ni sumu kwenu wote.

Uzito: Kashata alikuwa anakula chakula cha punje cha sungura wa nyama, bakuli halikauki. Kile kimetengenezwa kumnenepesha mnyama achinjwe mapema. Sasa anapata kipimo kidogo asubuhi tu, hei muda wote, na jioni ukoka, matembele au giligilani. Karoti ni ladha ya kumwitia, si chakula. Punje zimepunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Sungura hafungishwi kula ili apungue. Akikaa nusu siku bila kutia kitu tumboni utumbo unaweza kusimama, na hiyo ni safari ya usiku kwa daktari.

Leo kilo 4.5.

Gharama: beseni 8,000. Hei ni shilingi 5,000 robota, naihesabu kwenye chakula.

7 Aprili: Masika yameharibu mkeka

Mvua za mwaka huu hazikuwa za mchezo. Mkeka uliofuliwa haukukauka, ukaanza kunuka, na ulipogeuzwa ulikuwa na madoa ya kijani kwenye mishono. Ukungu na kidonda havikai pamoja. Ukaenda jalalani. Wa pili nao ukaanza kulegea kwa unyevu.

Kilichofanya kazi ni mazulia madogo ya bafuni, ya mtumba, yenye manyoya mafupi mazito ya pamba. Joto limeshuka, kwa hiyo Kashata anayakubali, jambo ambalo Februari lisingewezekana. Tatizo likawa mgongo wa mpira uliokatika vipande, akaanza kuvinyofoa. Nikampelekea fundi cherehani wa mtaani, mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo fundi. Nataka uzivike hizi kitambaa kwa chini."

"Marahaba mwanangu. Za bafu hizi?"

"Za sungura."

Alizigeuza mara mbili, akauliza kama sungura huyo analiwa, nikasema hapana, akacheka na kuzishona vizuri kuliko nilivyoomba: mshono umeingizwa ndani, hakuna uzi wa kunyofoa wala ukingo wa kukwaza kucha.

Mazulia ni sita. Mawili chini, mawili yanafuliwa, mawili yanakauka mbele ya feni. Zulia lisipokuwa kavu kabisa nikiligusa kwa mgongo wa kiganja haliendi sakafuni, hata kama la chini limechafuka. Afadhali gazeti na hei kwa usiku mmoja. Sabuni kidogo, suuza mpaka maji yawe safi, bila manukato ya kulainisha nguo.

Gharama: mazulia sita 18,000, fundi 12,000.

19 Mei: Kigaga kimetoka

Mwanzoni mwa mwezi, wakati kimbunga Hidaya kinasogea pwani, mazulia yote sita yalikuwa na unyevu kwa pamoja, nikarudi kwenye hei tupu iliyotandazwa juu ya magazeti koridoni. Uchafu haukuelezeka, lakini visigino havikudhurika. Kwa asiye na shilingi ya mazulia, hei nene iliyo kavu ni jibu kamili. Kinachochosha ni ufagio.

Kigaga kilianguka chenyewe. Nilikikuta juu ya zulia, kigumu, cheusi, kimejipinda, na manyoya matatu yamenasa upande wa chini. Chini yake ngozi ni ya waridi, nyembamba, inang'aa, haina tundu. Daktari ameibonyeza, hakuvuta mguu. Meloksikamu ilikwishasimamishwa kwa maelekezo yake. Ameonya kwamba ngozi hii itachanika kwa urahisi kuliko ya zamani, na manyoya huenda yasiote tena mahali pale.

Kilo 4.3.

Gharama: marudio 10,000.

30 Juni

Sugu imeanza kuota juu ya ngozi mpya. Hiyo ndiyo niliyoitaka: kavu, ya rangi moja, haibadiliki kutoka picha hadi picha. Kushoto manyoya yamerudi pembeni mwa upara. Anaruka kwenye kochi tena, jambo alilokuwa ameacha bila mimi kutambua kuwa ni maumivu.

Njugu naye nimemkuta na upara mdogo. Mkavu, bila wekundu. Ameingia kwenye picha za Jumapili.

18 Agosti: Hali ya sasa na kinachofuata

Kashata kilo 4.2. Wayo wa kulia una sugu ya milimita 6, kavu. Upara wa Njugu haujakua.

Nimenunua mkeka mmoja wa kuanzia, 9,000, kufidia ule wa ukungu. Jumla mpaka leo ni shilingi 213,000 bila hei, na 39,000 kati ya hizo ni kapeti na sponji, ambazo anayefuata njia hii hana haja ya kuzitoa. Ningeanza leo ningenunua kwa mpangilio huu: mkasi wa kucha, mataulo na mkeka, beseni pana, kisha mazulia kabla Machi haijaisha. Daktari yuko nje ya foleni. Kama ngozi imepasuka, anakuja kwanza.

Mazulia yanatumika mpaka joto la mchana sebuleni lipite nyuzi 29. Hapo mikeka inarudi juu ya mataulo na chupa zinarudi kwenye friza. Nimeshaanza kuweka chupa tupu. Jambo moja ninalolijaribu sasa ni mkeka wa aina nyingine badala ya ukili, kwa kuwa ni mwembamba na unakauka haraka. Kwa kidole gumba unabonyea vizuri, lakini Njugu anautafuna kwa kasi kuliko ule wa kwanza. Nitaandika matokeo joto likianza.